Nguzo Zimefika Bariadi, Hesabu Bado

Nje ya Kanda ya Ziwa, watu wengi wanaijua Simiyu kwa pamba na ng'ombe. Kinachosahaulika ni jinsi historia ya umeme wa nchi hii, na historia ya mbio za urais, zilivyopita mara kwa mara kwenye ardhi hii. John Momose Cheyo wa Bariadi aligombea urais mwaka 1995 na mwaka 2000 kwa tiketi ya UDP. Andrew Chenge, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka huo huo wa 1995, shirika la umeme TANESCO liliposaini na kampuni ya IPTL mkataba ulioisumbua nchi kwa zaidi ya miaka ishirini. Na mwaka 2025 Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa wilayani Meatu tangu 2005, aliteuliwa na ACT-Wazalendo kuwania urais, kisha akaenguliwa kabla ya siku ya kura.

Ukiyaweka matukio haya pamoja unapata somo moja ambalo wanasiasa wetu hawapendi kulisikia. Ahadi ya umeme inayotolewa jukwaani bila bili yake kuonyeshwa hadharani ni deni, na deni hilo hulipwa na watu ambao siku ya ahadi hawakuulizwa lolote.

Niseme wazi ninakosimama. Katika mambo ya fedha za umma mimi ni mhafidhina. Naamini serikali iishi kwa kipato chake, mkataba uonekane na uheshimiwe, bei iseme ukweli, na taasisi iwe na nguvu kuliko mtu aliyeikalia kwa kipindi. Mkulima wa Itilima anauelewa msimamo huu bila kufundishwa na mtu: mtamba hauzwi kugharimia harusi wakati zizini kuna dume.

Tuanze na kilichofanyika vizuri, maana haki haimtupi mtu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya mahali ambapo kizazi cha wazazi wetu hakikuota kuona taa. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na sasa kazi iko kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Mwanamke anayejifungua usiku katika zahanati yenye taa hahitaji safu ya gazeti kumweleza thamani ya umeme.

Lakini tuingie ndani ya nyumba moja ya kawaida nje ya mji wa Bariadi. Mita ya LUKU iko ukutani. Kuna taa tatu, redio, na soketi ya kuchajia simu. Mwezi ukiisha, nyumba hiyo haijafikisha uniti 75, kwa hiyo iko kwenye kundi la D1, linalolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati mteja wa kawaida wa kundi la T1 analipa 292. Hizo ni bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016. Shilingi 100 hailipi gharama ya kuzalisha uniti hiyo, kuisafirisha mamia ya kilomita na kuisambaza kwa nyumba zilizotawanyika. Tofauti inabebwa na mtu mwingine: mwenye saluni, mwenye kiwanda, au TANESCO yenyewe kwa kuacha kukarabati laini zake.

Sipingi kumsaidia mnyonge. Ninachokipinga ni msaada usio na jina. Kama taifa limeamua kuwalipia umeme wenye kipato kidogo, kiasi hicho kiandikwe kwenye bajeti, Bunge lipige kura, na kila mwaka tujue kimefika ngapi. Kikifichwa ndani ya bei ya TANESCO kinageuka donda la ndani, na siku likipasuka tunaambiwa ni mgao.

Kufikiwa na umeme ni jambo moja. Kuutumia kuzalisha mali ni jambo jingine. Mashine ya kusaga inataka umeme wa njia tatu. Mchomeleaji wa mageti anautaka pia. Mahali laini iliyoletwa ni ya njia moja, kijana mwenye mtaji wa mashine anabaki na dizeli, akiitazama nguzo iliyosimama mbele ya kibanda chake. Wabunge wa vijijini wamelilalamikia jambo hili bungeni mara nyingi, na wana haki. Kwenye takwimu, kijiji kile kimefikiwa. Kwenye uchumi wake, hakijaguswa.

Sasa twende kwenye ginari, maana hapo ndipo uchumi wa Simiyu unapopimwa. Msimu wa ununuzi hufunguliwa karibu na mwezi Mei. Mkulima analeta pamba mbegu kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika. Inachambuliwa, safi huku na fifi kule, inapimwa, inapakiwa kwenye lori. Kiwandani bomba la upepo linaivuta hadi kwenye misumeno inayotenganisha nyuzi na mbegu. Katika kila kilo mia moja, kama theluthi moja hutoka kuwa nyuzi, zinazoshindiliwa kuwa robota za kilo 180 hivi. Mbegu inakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yanalishwa ng'ombe. Mota zinazoendesha kazi hiyo ni kubwa. Umeme ukishuka nguvu, mota inanguruma, inapata moto, na mwendeshaji mwenye akili anazima kabla haijaungua. Misumeno inasimama, malori yanapanga foleni, na vibarua wanakaa kivulini bila posho.

Umeme hushuka kwa sababu za kifizikia ambazo hotuba haiwezi kuziondoa. Kwa miaka mingi Bariadi ililishwa na laini ya msongo wa kati inayotoka mbali. Kadiri waya unavyorefuka na wateja wanavyoongezeka njiani, ndivyo nguvu inavyopotea kabla haijafika. Dawa yake ni laini ya msongo mkubwa na kituo cha kupoza umeme karibu na mtumiaji. Ndiyo maana mradi wa kituo cha Imalilo, wilayani Bariadi, pamoja na laini ya kilovolti 220 kutoka Ibadakuli, Shinyanga, una uzito kwa mkoa huu kuliko nguzo elfu moja za kijijini. Nguzo hupigwa picha na mgeni rasmi. Transfoma ya Imalilo haimpi mtu kura, lakini ndiyo inayoamua kama mwekezaji wa kiwanda cha nyuzi ataleta mashine zake Simiyu au atazipeleka Mwanza.

Kuna tatizo la pili la ginari ambalo wanasiasa hawaligusi kabisa. Kiwanda cha kuchambua pamba hufanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Mteja mkubwa hulipia uniti alizotumia, na hulipia pia kiwango cha juu cha nguvu alichokihitaji, hata kama alikihitaji kwa muda mfupi. TANESCO nayo inalazimika kuweka transfoma na waya wa kutosha kwa ajili ya miezi hiyo, kisha vinakaa bila kazi mpaka msimu mwingine. Umeme wa Simiyu utajilipa siku ambayo mbegu itakamuliwa hapa mwaka mzima, nyuzi zitasokotwa hapa, na maziwa ya Meatu na chaki za Maswa vitaongezeka. Mkuu wa Mkoa wa zamani, Anthony Mtaka, aliliona hilo aliposukuma mpango wa kila wilaya na bidhaa yake. Wazo lilikuwa sahihi. Lilichokosa ni kitu ambacho mkuu wa mkoa hana mamlaka nacho: umeme wa uhakika, na sera isiyobadilika kila anapobadilika kiongozi.

Hapo ndipo tunarudi kwenye urais, na kwenye mwaka 1995. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame na mgao, na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe ulikuwa unakaribia. Mei ya mwaka huo ukasainiwa mkataba wa IPTL: mtambo wa megawati 100 Tegeta, unaotumia mafuta mazito, kwa miaka 20. Kiini cha mkataba kilikuwa malipo ya uwezo wa mitambo. TANESCO ilipaswa kulipa kila mwezi, mtambo uwe unazalisha au umezimwa. Mgogoro wa gharama ulikwenda hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mtambo haukuanza kuuza umeme hadi mwaka 2002. Mkataba uliosainiwa kwa jina la dharura ulizaa umeme miaka saba baadaye.

Tunajua ulikoishia. Ugomvi wa kiasi cha malipo ulifanya fedha ziwekwe kwenye akaunti ya Escrow Benki Kuu, na mwishoni mwa 2013 zikatolewa. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilisoma taarifa yake kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri wa Ardhi Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa, Waziri wa Nishati na Madini Profesa Sospeter Muhongo akafuata Januari 2015. Katika waliotajwa kupokea fedha kutoka kwa James Rugemalira, aliyekuwa mbia wa IPTL, alikuwemo mbunge wetu Andrew Chenge, kwa shilingi bilioni 1.6. Katika sakata hilo hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na wananchi wa Bariadi walimrudisha bungeni mwaka 2015. Hoja yangu inauhusu mkataba kuliko mtu. Mkataba uliofungwa kwenye kabati kwa miaka ishirini utampata tu mtu wa kufaidika nao.

Kabla ya Escrow kulikuwa na Richmond. Ukame wa 2006 ulileta mkataba mwingine wa dharura, na Februari 2008 ulimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Miaka saba baadaye Lowassa huyo huyo akawa mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, akapata karibu asilimia 40 ya kura dhidi ya Dk. John Magufuli. Umeme ulimshusha mtu, na umeme huo huo ulikuwa kwenye midomo ya watu alipopanda jukwaani tena. Anayesema nishati ni suala la wahandisi peke yao hajaifuatilia siasa ya Tanzania.

Ni haki kumkumbuka hapa Mzee Cheyo. Watu walimwita Bwana Mapesa kwa ahadi yake ya kujaza watu mapesa, na mwaka 1995 alipata karibu asilimia nne ya kura. Lakini mtu huyo huyo aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali kwa miaka kadhaa, akiwahoji maofisa risiti kwa risiti. Nchi inamkumbuka kwa ahadi. Mimi nadhani kazi ya hesabu ilikuwa na faida zaidi.

Akiwa rais, Magufuli alijibu historia hiyo kwa njia yake. Badala ya kukodi mitambo ya watu, serikali ijenge yake. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa shilingi trilioni 6.5, kwa uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Mhafidhina ana sababu ya kuuheshimu mradi huu. Ni mali yetu, haudai malipo ya uwezo wa mitambo kwa mwekezaji, na maji hayauzwi kwa dola. Rais Samia Suluhu Hassan aliukuta, akaumalizia badala ya kuutelekeza, na huo ndio uungwana wa utawala.

Hata hivyo, hesabu yake ina upande wa pili. Machi 2024, mwezi mmoja baada ya mtambo wa kwanza kuwashwa, TANESCO ilizima mitambo katika vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mwaka mmoja baadaye Rais alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itapata umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Maana yake ni kwamba tumejenga kisima kikubwa Rufiji na mabomba hayajafika. Fedha zilikwenda kwenye bwawa, nyaya zikasubiri, na Imalilo ilikuwa sehemu ya kusubiri huko. Ukiongeza kwamba bwawa linategemea mvua, nchi iliyoumizwa na ukame mwaka 1994 na 2006 haipaswi kuweka umeme wake wote chini ya wingu moja.

Kosa kubwa zaidi la kipindi cha Magufuli lilikuwa la bei. EWURA iliidhinisha ongezeko la takriban asilimia 8.5 lianze Januari 2017. Lilisimamishwa na waziri wa nishati, na siku ya mwaka mpya Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, akafukuzwa kazi. Wananchi walishangilia. Lakini mdhibiti aliyewekwa kisheria apime gharama alikuwa amefundishwa kwamba kalamu yake haina wino. Toka hapo, nani angethubutu kuomba bei inayotosha kutunza transfoma?

Mkulima wa pamba aliionja sera hiyo hiyo kwa upande mwingine. Mwaka 2019 bei elekezi iliwekwa shilingi 1,200 kwa kilo wakati bei ya dunia ilikuwa inaporomoka. Wanunuzi walisita, mauzo yote yalikuwa yanapitia AMCOS, na mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Wengi walipeleka pamba kwa mkopo na kusubiri malipo kwa miezi. Shilingi 1,200 iliyoandikwa ubaoni haikumnunulia mtu daftari la shule. Iwe ya umeme au ya pamba, bei iliyopangwa kufurahisha watu haiondoi gharama. Inaisogeza tu hadi kwa asiye na sauti.

Kenya imetupa funzo la karibu. Rais William Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, na siku iliyofuata ruzuku ya petroli iliondolewa. Nairobi lita ikapanda kutoka shilingi za Kenya 159 hadi 179. Kama hatua ya uchumi niliiunga mkono, kwa kuwa ruzuku ile ilikuwa inakula fedha za nchi. Lakini mwaka 2023 serikali hiyo hiyo ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, huku matumizi ya wakubwa yakiendelea machoni pa watu. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga kodi mpya. Ukimwambia mwananchi afunge mkanda, wa kwako uonekane umefungwa kwanza.

Sisi nasi tuna la kwetu. Tangu 2021 kodi ya majengo katika miji, Bariadi ikiwemo, inakatwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 tangu 2023. Ni rahisi kukusanya, nakubali. Lakini mpangaji ananunua umeme na analipa kodi ya nyumba isiyo yake, na mita iliyowekwa kupima umeme imegeuzwa dirisha la mapato. Kodi ya haki hulipwa na anayedaiwa, tena akijua analipa nini.

Ndiyo maana mbio za urais za 2025 zinanisikitisha kama mhafidhina. CHADEMA haikushiriki, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Mpina, ambaye akiwa bado CCM alihoji bungeni kuchelewa kwa bwawa na kukatika kwa umeme, alizuiwa kwa hoja kwamba chama chake hakikufuata kanuni katika uteuzi. Mahakama Kuu ikaamuru apokelewe, na siku chache baadaye Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikamwengua tena kufuatia pingamizi la Mwanasheria Mkuu. Oktoba 29 kura zikapigwa, mitandao ikazimwa, watu wakauawa katika maandamano, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Damu ya Watanzania haina chama, na kila familia iliyofiwa inastahili ukweli.

Wapo wanaodhani mhafidhina hupenda utulivu wa aina yoyote. Utulivu ninaoupenda ni ule unaotokana na sheria inayofuatwa na wote, amri ya mahakama ikiwemo. Tena kuna hoja ya kiuchumi ya moja kwa moja. Ushindani wa kweli ni ukaguzi wa hesabu usiolipiwa. Mgombea anayeahidi umeme wa bei nafuu anapaswa kuwa na mpinzani jukwaani wa kumuuliza: nafuu kwa nani, na nani anafidia? Akikosekana wa kuuliza, ahadi zinapandishana zenyewe. Kama IPTL ingehojiwa hadharani mwaka 1995 kwa ukali uliokuja 2014, taifa lingeokoa fedha za kutosha kuleta umeme wa uhakika Simiyu zamani.

Kwa hiyo, kuelekea 2030, mkoa huu uwe na masharti machache na uyashikilie. Kila mkataba wa kununua umeme uwekwe mezani bungeni kabla haujaanza kutudai. EWURA iachwe ipange bei kwa gharama halisi, na msaada kwa wenye kipato kidogo uandikwe kwenye bajeti kwa jina lake. Laini kubwa na vituo vya kupoza umeme vitangulie mbele ya nguzo za kampeni, na kijiji chenye mashine kipewe njia tatu. Mkulima wa pamba awe huru kuuza kwa AMCOS au kwa mnunuzi mwingine mwenye leseni anayelipa taslimu, ili ushirika umvutie kwa huduma. Na kodi ya nyumba itoke kwenye mita.

Masharti haya hayamhitaji mgombea shujaa. Yanamhitaji rais anayekubali kuhojiwa, Bunge linalosoma mikataba, na mpigakura wa Bariadi, Maswa, Busega, Itilima na Meatu anayemuuliza kila anayekuja kuomba kura kiasi cha bili na jina la atakayeilipa. Asiyeweza kujibu hayo mawili, hata akiahidi megawati elfu kumi, asipewe kura ya Simiyu.